Kurudisha pesa usizozijua: 100, kaunta au polisi?

Pesa zimeingia kwenye simu, aliyezituma humjui, na mara mtu anapiga huku akilia umrudishie kwa namba nyengine. Huduma inayohitajika hapo ni kampuni ya simu yenyewe kuubatilisha muamala. Kwa Unguja na Pemba huduma hiyo ipo, lakini ubora wake unategemea mlango unaoingilia.

Kwanza angalia salio kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx (zamani Tigo Pesa), *150*60# kwa Airtel Money. Meseji peke yake si ushahidi, kwani za kughushi hutoka kwenye namba za kawaida. Salio likiwa lile lile, hakuna cha kurudisha. Ipeleke meseji hiyo pamoja na namba iliyoituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yaishe.

Salio likiwa limeongezeka kweli, usizitoe, usinunue vocha, wala usimtumie mpigaji. Muamala wako mpya haufuti ule wa kwanza. Pesa huenda ni za mtu mwengine aliyetapeliwa. Ukimtumia tapeli leo, kesho mwenye pesa analalamika, kampuni inakwenda kuzitafuta kwenye laini yako, na makato ya kutuma umeshayalipa.

Namba 100, ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu: alama 3 kati ya 5. Ni njia ya haraka ya kuweka taarifa, na haraka ndiyo inayotakiwa. Udhaifu wake ni jibu la "aliyetuma ndiye apige". Ni kweli, ombi la kurudishiwa huanza kwa mtumaji, lakini taarifa ya mpokeaji nayo ina uzito wake. Mwambie mhudumu: "Naomba iandikwe kuwa nimepokea pesa nisizozijua," kisha dai namba ya malalamiko. Bila ya namba hiyo, simu yako ni maneno tu.

Kaunta ya kampuni: 4 na nusu. Hapa ndipo pa kwenda. Chukua simu yenye laini husika, kitambulisho, namba ya muamala iliyomo kwenye meseji, kiasi na saa. Omba karatasi au meseji ya kuthibitisha kuwa umeripoti. Nusu alama inapungua kwa umbali: aliyeko Darajani anakwenda kwa miguu, aliyeko Makangale ana safari na nauli. Wakala wa mtaani si kaunta. Hana uwezo wa kubatilisha muamala, hata awe mwema vipi.

Polisi: kwa kiasi kikubwa au vitisho. Hawarudishi muamala, lakini RB, namba ya taarifa yako kituoni, inaonesha uliripoti kabla ya kuulizwa. Wengine huanza kwa sheha. Si vibaya kumjuulisha, ila barua ya sheha haigusi salio.

Sheria nayo inamgusa mpokeaji. Zanzibar ina Sheria yake ya Kupambana na Usafishaji wa Fedha Haramu, Namba 10 ya 2009, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika pande zote mbili za Muungano. Wajibu wa kuripoti miamala yenye shaka umewekwa kwa taasisi kama benki, si kwa kila raia. Lakini anayejua, au mwenye sababu ya kushuku, kuwa pesa ni za uhalifu, kisha akazitumia, akazihamisha au akazificha, anajiweka kwenye kosa la jinai. Ndiyo maana ile ahadi ya "bakisha elfu ishirini yako, nyengine nirudishie" ni hatari kuliko matusi: ukiipokea, umelipwa kwa kusafirisha pesa hizo. Hata pesa zikiwa zimekosewa tu bila ya utapeli, bado si zako, na mwenyewe anaweza kukudai mahakamani.

Kasoro inayobaki kwenye huduma nzima ni ukimya baada ya kuripoti. Usisubiri kupigiwa, rudi na namba yako ya malalamiko ukaulize. Kiasi hicho kiache kwenye laini mpaka ije meseji ya kukatwa, na meseji hiyo usiifute. Ukibadilisha simu, ipige picha kwanza.