Polis: programu ya kutafuta sera kwa wapiga kura wenyewe

Ilani ya chama huchukuliwa yote au huachwa yote. Mpiga kura anayekubaliana na chama kuhusu kodi lakini akapingana nacho kuhusu makazi hana pa kuliandika hilo kwenye karatasi ya kura. Polis, programu huria iliyoanzia Seattle, Marekani, inaziba pengo hilo vizuri. Ikitumiwa kama kura ya maoni, inapotosha.

Mshiriki huoneshwa kauli moja fupi, kisha huchagua: nakubali, nakataa au napita. Anaweza kuandika kauli yake pia, ila hakuna kitufe cha kumjibu mwenzake. Huo ndio uamuzi bora wa walioitengeneza. Mchokozi hapati wa kubishana naye. Kauli yake inapigiwa kura kama nyingine, inakataliwa, mjadala unaendelea.

Kura hizo huingia kwenye jedwali, kila mtu na mstari wake, kila kauli na safu yake. Programu huwapanga pamoja waliopiga kura kwa namna inayofanana, kwa kawaida katika makundi 2 hadi 5, bila kuuliza mtu ni wa chama gani. Kisha hutafuta kauli zinazokubalika katika kila kundi kwa kuzidisha viwango vya kukubalika badala ya kuhesabu vichwa. Kauli iliyokubaliwa na 90% ya kundi kubwa na 20% ya kundi dogo hupata takriban 0.18. Iliyokubaliwa na 70% ya kila kundi hupata 0.49, nayo hupanda juu. Kundi kubwa haliwezi kulimeza dogo, na anayeandika kauli hujifunza haraka kwamba lugha ya kuwaudhi wa upande wa pili haimfikishi popote.

Taiwan iliitumia mwaka 2015 kupitia vTaiwan, mchakato wa mashauriano ya sera kati ya raia na serikali, katika mzozo wa Uber na teksi. Makundi yaligawanyika kuhusu Uber yenyewe, lakini yakakutana kwenye mambo kama bima ya abiria na ubora wa huduma. Kanuni zilizofuata zilidai madereva wenye leseni, na pia zikafungua njia kwa teksi zisizopakwa rangi ya njano.

Mafanikio au hasara huamuliwa kabla ya kufungua mjadala. Andaa kauli 10 hadi 15 za kuanzia, kila moja ikiwa na wazo moja tu. “Kodi ipunguzwe na hospitali ziongezwe” ni kauli mbovu: anayetaka nusu yake hajui abonyeze nini, na kura yake haisomeki tena. Weka pia kauli usizozipenda, la sivyo wapinzani wako watafungua, wasijione, wafunge. Washa uhakiki wa kauli mpya na uzipitie kila siku. Zinazorudia wazo lilelile zikiachwa, wazo hilo litahesabiwa mara nyingi na kuvuruga makundi. Ondoa marudio na matusi tu. Msimamizi anayeondoa hoja zinazomkera amekuwa chama kingine.

Kasoro zipo. Waliokuja ni waliojileta, kwa hiyo asilimia za Polis si asilimia za taifa. Bila kuiunganisha na mfumo wenye akaunti, mtu mwenye vifaa viwili anaweza kupiga kura mara mbili. Kauli zilizochelewa hupata kura chache, basi tazama idadi ya waliopiga kabla ya kutangaza asilimia. Na anayepiga kura tatu na kuondoka hana data ya kutosha kupangwa kundini. Mwaliko useme wazi kwamba anatakiwa kupitia kauli kadhaa.

Tukiilinganisha na Decide Madrid, jukwaa la mtandaoni la jiji la Madrid, Hispania, la mapendekezo ya wakazi, lililoanzishwa mwaka 2015, tofauti ni kubwa. Huko kila pendekezo lilitakiwa kuungwa mkono na 1% ya wakazi wenye haki ya kushiriki ndipo lipigiwe kura. Maelfu yaliandikwa yakigombea macho ya watu walewale, na kura ya Februari 2017 ilipokea mawili tu kwa njia hiyo. Polis haina kizingiti cha namna hiyo, ila haina nguvu ya kisheria pia. Usiifungue mpaka mwenye mamlaka awe ameahidi kwa maandishi kujibu kila kauli iliyokubalika katika makundi yote, kwa tarehe iliyotajwa, na kueleza sababu kwa kila atakayoikataa.