Daktari wa mbwa anayekuja nyumbani usiku: yaliyotukuta Mtopanga

Kipusa, mbwa wetu, alizaa watoto 8 mwezi wa sita, kusi ikivuma na mvua haziishi. Tulimwekea boksi la friji kwenye pembe ya veranda, tukalikata upande mmoja, magunia chini na leso zangu kuukuu juu. Wiki mbili za mwanzo zilipita salama. Siku ya 12 macho ya watoto yakaanza kufunguka, nami nikajua kazi kubwa imekwisha.

Siku ya 19, mchana, nikamwona mama anahema kama aliyekimbizwa, na jua lenyewe halikuwapo. Miguu imekakamaa, anazunguka tu, hataki kulala na wanawe. Nikaenda duka moja la dawa za mifugo. Muuzaji akanipa dawa ya minyoo. Hakuniuliza kama mbwa ananyonyesha, wala ana watoto wangapi, wala wana siku ngapi. Hilo limeniuma mpaka leo, maana swali moja tu lingetosha. Ilipofika saa 5 usiku Kipusa alikuwa amelala ubavu, anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana.

Namba ya daktari nilipewa na jirani anayefuga mbwa wa ulinzi. Alipokea simu mlio wa pili, na kabla sijamaliza kulia akaanza kuuliza: amezaa lini, wangapi, anatembeaje? Kisha akasema, "Mama, watoe watoto wote sasa hivi wasinyonye tena. Usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mloweshe miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu. Nakuja." Baada ya dakika 40 pikipiki ikasimama mlangoni.

Joto la mwili lilikuwa 40.9, na mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39. Alimnyoa kidogo mguu wa mbele, akapata mshipa, akaanza kumdunga kalsiamu. Polepole mno. Mkono mmoja umeshika sindano, mwingine umeshikilia kile kifaa cha kusikilizia moyo kifuani pa Kipusa. Kila mapigo yakibadilika, anasimama, anangoja, anaendelea. Aliniambia ukiiharakisha dawa hii moyo unaweza kusimama. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa nyuma, mgumu kama mpini wa jembe. Kama robo saa hivi nikausikia unalegea mkononi mwangu. Ulimi ukarudi ndani. Akanitazama, akapiga mkia mara moja sakafuni.

Maelezo yake niliyaelewa vizuri: maziwa ya watoto wanane yalikuwa yanachota kalsiamu ya damuni kuliko mwili unavyoweza kuirudisha. Halafu akauliza kama nilimpa vidonge vya kalsiamu akiwa na mimba. Nilimpa, kila asubuhi, mwezi mzima, nikidhani namjengea nguvu. Kumbe mwili ukizoea kupewa huacha kuichota kwenye mifupa yake, na siku ya haja inapofika huchelewa. Nilishindwa kusema. "Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi, mama," akasema. "Akiwa na mimba mpe chakula bora, basi. Vidonge sasa ndiyo wakati wake."

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakuondoka hapo. Alikorogea watoto maziwa ya unga ya mbwa, akamfundisha mwanangu kuwanyonyesha kwa chupa tumbo likiwa chini na kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa huingia mapafuni. Ya ng'ombe akayakataza. Hayana mafuta wala protini ya kutosha, na huwaharisha. Tukawapima wote kwa mizani yangu ya keki, uzito ukaandikwa nyuma ya kalenda. Mdogo kabisa, mwenye kidoa cheupe kifuani, alikuwa na gramu 640. Akatuagiza tuwapime kila siku saa ile ile, na asiyeongezeka tumpigie simu. Saa 1 asubuhi akapiga mwenyewe.

Malalamiko ninayo. Jumla nililipa shilingi 6,000, na sikuambiwa mapema kuwa usiku kuna nyongeza ya 1,500. Ningelipa tu, lakini mteja aambiwe kwenye simu. Kopo la maziwa nalo ni 2,800, ghali kwa wengi wetu huku Kisauni. Kwa bahati, kufikia wiki ya nne watoto walikuwa wanaramba chakula kilicholowekwa, kwa hiyo kopo moja lilitosha.

Sasa wana wiki 6, wote 8, na yule mwenye kidoa ndiye mchokozi kuliko wenzake. Keshokutwa wanaanza chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua watoto wa mbwa. Ya kichaa cha mbwa itangoja miezi 3. Nimemwita daktari yule yule, aje mchana.