Kisiwa kipi cha Mediterania uende likizo? Nianze na cha mwisho

Ukichagua likizo kwa picha, utaishia Santorini, Ugiriki. Picha hazisemi kwamba kijiji cha Oia kimekaa juu ya jabali, na kushuka majini kwenye bandari ndogo ya Ammoudi ni ngazi zaidi ya mia mbili, kisha uzipande tena juani. Fukwe za kuogelea, Perissa na Kamari (ndiyo, hilo ndilo jina), ziko upande wa pili wa kisiwa, na mchanga na vikokoto vyake vyeusi vya volkano haukanyagiki mchana wa Agosti bila ndala. Fungate ya siku mbili, sawa. Wiki nzima na watoto, nakiweka cha nne.

Cha kwanza kwangu ni Kreta, nacho cha Ugiriki. Lakini ni kirefu, kilomita 260 hivi, kwa hiyo amua upande kabla ya kukata tiketi. Viwanja vya ndege vipo Chania na Heraklion. Nyumba ya Chania inakuweka upande wa fukwe za Balos na Elafonisi na korongo la Samaria, ambalo ni kilomita 16 za kutembea. Heraklion ni kwa anayetaka magofu ya Knossos. Wengi hupanga Heraklion kisha wakawaahidi watoto Elafonisi, na siku yote ikaishia barabarani. Julai na Agosti huvuma upepo wa meltemi kutoka kaskazini, bahari ya upande huo ikachafuka. Chakula ndicho kinachonirudisha: ukimaliza kula kwenye taverna, mara nyingi huletewa matunda na kiglasi cha raki, pombe kali ya huko, bila kuagiza. Usiyekunywa, kula tikiti lako.

Cha pili ni Malta, hasa kwa anayetoka Dar au Nairobi mara ya kwanza. Kiingereza ni lugha rasmi, magari hupita kushoto, na plagi ya simu yako ya pini tatu inaingia ukutani bila adapta. Hata wakihesabu kwa Kimalta utanasa maneno: sitta, sebgħa, disgħa. Ila ni kadogo, kilomita za mraba 316 pamoja na kisiwa jirani cha Gozo. Unguja ni zaidi ya mara nne yake. Mchanga ni wa kutafuta: Mellieħa, Golden Bay, na Ramla kule Gozo. Kwingine unajitosa kutoka mwambani.

Sisilia ni ya tatu kwa sababu tu inataka gari. Huna gari? Kaa Cefalù, treni ya Palermo inafika hapo.

Kuhusu mwezi, nenda Septemba. Mei jua linawaka lakini maji yatakushtua ukizoea Bahari ya Hindi. Septemba bado yana joto la Agosti, na shule zikifunguliwa bei za vyumba hushuka.

Na wewe mtu wa pwani, usimuulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi. Bahari ile karibu haipwi.