Mtu wa Kuzima Hayupo: mwaka wangu na runinga ya kujichagulia

Mwezi wa nne nilimshonea mama wa bwana harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Nina miaka kumi na minne kwenye cherehani, na hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Binti ninayemfunza kazi alilinyanyua, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Madam, huu mkono mwingine unaenda wapi?" Sikuwa na mgonjwa hospitalini wala matanga nyumbani. Nilikuwa nimetazama msimu mzima wa sirizi, sehemu nane, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri.

Kwa hiyo tathmini hii imenigharimu mita tatu za kitambaa, juu ya pesa za kila mwezi. Ni ya huduma za kutiririsha vipindi kwenye intaneti, zile za kutazama unachotaka saa unayotaka. Jina la kampuni naliacha, maana nimejaribu tatu na tabia yao ni moja.

Ya haraka kwanza. Picha ni safi. Hapa Migosi, mtaa wa Kisumu, nachangia waifai na jirani wa mlango wa pili, na watoto wake wakirudi shule picha yangu inakwama. Ukitegemea bando la simu, piga hesabu mapema: picha ya HD inakula kama GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1. Mimi hupakua kwenye simu usiku watu wakiwa wamelala, nikaweka akiba ya siku ambayo stima itapotea. Mwenye kuijua mvua ya jioni ya Kisumu anajua siku hizo si chache. Vya Kiswahili ni vichache mno. Kikorea na Kihispania nimeshiba.

Sasa lililonifanya niandike.

Nimekulia Muhoroni, kwenye miwa. Mtaa wetu ulikuwa na runinga moja, Greatwall ndogo isiyo na rangi, mali ya mzee aliyefanya kazi kiwandani. Ilitumia betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kuchajiwa, ikarudi kwa baiskeli, na mzee aliipima kama sukari: taarifa ya habari, kichekesho kimoja, basi. Betri ikianza kuchoka, picha ilijikunja kutoka pembeni, watu wakawa wembamba, mwishowe kikabaki kidoa cheupe katikati ya kioo. Tulikikodolea macho hicho kidoa mpaka kife. Halafu tunatoka gizani tukibishana yaliyobaki yataishaje. Tulibishana hata Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa kipindi cha Vitimbi, anatoka kijiji gani, kwa ile lafudhi yake ya Kijaluo. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina lake ni Benson Wanjau na kwamba ni Mkikuyu. Waliokuwa na stima nao walikuwa na mwisho wao, maana stesheni ilifunga usiku kwa wimbo wa taifa. Kila jioni ilikuwa na mtu wa kuizima, na mtu huyo hakuwa wewe.

Huyo mtu ndiye aliyeondolewa. Sehemu ikiisha, majina ya waigizaji hayajapanda hata nusu, sekunde zinaanza kuhesabiwa pembeni na sehemu inayofuata inajiingiza yenyewe. Waandishi wanalijua hilo vizuri. Mwishoni mlango unagongwa, au mtu aliyezikwa anapiga simu. Zamani ndoano hiyo ilitupwa ikuvute mpaka wiki ijayo. Siku hizi kazi yake ni kukuvusha sekunde chache tu. Ukitaka kulala inabidi uamue mwenyewe, saa saba za usiku, akili ya kuamua ikiwa imeshakwenda kulala bila wewe.

Najua uroho huu haukuletwa na waifai. Netflix ilitoa House of Cards, sehemu zote 13 kwa mpigo, tarehe 1 Februari 2013, na yenyewe ikafika Kenya Januari 2016, lakini mtaani Kondele hatukuingoja. Ulikwenda duka la muvi na flashi yako, kijana akakupakulia msimu mzima kwa bei ya chai na chapati. (Halali haikuwa, nakiri.) Ila flashi ilikuwa na mwisho. Ukimaliza ulichobeba, umemaliza, mpaka upige pasi nguo, uvae, utoke tena.

Dukani kwangu ndiko nimeona hasara hasa. Enzi za zile tamthilia za Kimeksiko za jioni, wateja walifika asubuhi na hadithi moja. "Nyar Muhoroni," yaani binti wa Muhoroni, "uliona jana?" Mtu kaleta sketi ya kupunguzwa kiuno, anakaa saa nzima tukimtukana mama mkwe wa kwenye runinga. Kuna mmoja, muuza samaki wa Kibuye, ambaye stima ikikosekana mtaani kwao tulimsimulia, naye akasimama kuigiza ile sehemu ambayo hakuiona, mwendo wa mama mkwe na mkoba wake, akaipita ile ya kwenye runinga kwa mbali. Juzi nilimuuliza anatazama nini siku hizi. Ya Kituruki. Binti wangu wa kazi, ya Kikorea. Mteja wa tatu tulikutana kwenye sirizi moja, nikafurahi, kumbe yeye yuko msimu wa kwanza na mimi wa pili. Akaziba masikio: "Usiniambie!" Tukarudi kwenye karo za shule.

Na kile nilichokesha nikikitazama hakikai kichwani. Ule msimu wa sehemu nane, ukiniuliza leo muuaji alikuwa nani, nitakuambia alikuwa na ndevu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliwaonyesha wanafunzi sirizi moja kwa njia tatu: wengine kwa mkupuo, wengine kila siku, wengine kila wiki. Wa mkupuo walikumbuka vizuri zaidi kesho yake, kisha ndio waliosahau upesi kuliko wote. Na waliifurahia kidogo kuliko wenzao. Mimi gauni lilikuwa limeshaniambia.

Lakini sijajitoa, na sababu ninayo. Nafunga duka saa mbili usiku, na runinga ya zamani haikunisubiri hata siku moja. Hii inanisubiri. Tena inasimama nikiiambia isimame. Kuna sirizi moja ya mabibi wa Uingereza wa kale ambayo nimeisimamisha sijui mara ngapi nichore mkono uliojaa begani ukabana kiwikoni. Nimeshashona kumi na mmoja wa namna hiyo, na mwenye duka la pili bado anauliza nimeutoa wapi. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ni ya ule mkono.

Mwezi uliopita Mama alikuja kutoka Muhoroni kwa kliniki, akakaa wiki. Nikamwekea sirizi ya sehemu kumi yenye mambo ya ardhi na urithi, nikijua itamkamata. Ikamkamata. Sehemu ya kwanza ilipoisha na sekunde zikaanza kuhesabiwa, akainuka taratibu, akazima swichi ukutani.

"Mama, si bado inaendelea?"

"Kesho, nyathina. Huyo shemeji lazima kwanza nimfikirie."

Na kweli alimfikiria. Asubuhi, juu ya chai, alikuwa na kesi kamili: shemeji ndiye aliyeficha hati ya shamba, na mke anajua. Nikabisha. Tulibishana mpaka nikachelewa kufungua duka. Ikawa hivyo kila siku, sehemu moja, swichi, kesi asubuhi. Alipopanda matatu Jumapili tulikuwa sehemu ya tano, akanionya kupitia dirishani nisiendelee bila yeye, atarudi kliniki mwezi ujao.

Niko ya nane. Hati aliificha mke, na sijui Mama nitamtazama kwa uso gani.