Diazepamu ya miligramu 5: wiki nne za matumizi chini ya daktari

Baada ya kunusurika katika ajali ya basi, nilishikwa na wasiwasi ulioninyima usingizi na kunifanya nishindwe hata kupanda daladala kwenda kazini. Daktari wa afya ya akili alinianzishia sertralini, dawa ya kutibu wasiwasi, na kwa kuwa dawa hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, akaniongezea diazepamu ya kunituliza kwa haraka, nusu kidonge asubuhi na nusu usiku, kwa wiki mbili.

Kabla ya kuandika cheti aliniuliza maswali mengi: kama nakunywa pombe, kama nina mimba, kama nakoroma na kukabwa pumzi usiku, na dawa gani nyingine ninazotumia. Nikamtajia tramadoli niliyopewa kwa ajili ya maumivu ya mbavu. Hapo alisimamisha kalamu, akanieleza kwamba dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kudhoofisha upumuaji hadi mtu akafa, akanibadilishia tramadoli kwa parasetamoli. Swali hilo moja nalithamini kuliko kidonge chenyewe.

Kidonge kinafanya kazi kweli. Ndani ya saa moja moyo uliokuwa ukinienda mbio ulitulia na mabega yakalegea. Dawa hii, iliyoingia sokoni Marekani kwa jina la Valium mwaka 1963, huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza shughuli za ubongo, lakini haigusi chanzo cha hofu. Kasoro yake niliiona mapema: hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo dozi za kila siku hurundikana, na siku ya nne nilikuwa nasinzia mezani na kusahau sufuria jikoni. Pikipiki nilikuwa nimekwisha katazwa kuendesha, na ni vyema nilitii.

Vidonge vilipokwisha, hofu ikiwa bado haijaniacha kabisa, niliingia katika duka la dawa la mtaani kuulizia, na muuzaji akawa tayari kunipa thelathini bila cheti wala swali lolote. Hilo lilinitisha. Mwili huizoea dawa hii upesi, na aliyeitumia kwa muda mrefu akiikatisha ghafla anaweza kupata degedege. Nilirudi kwa daktari, naye akanipunguzia polepole, nusu kidonge usiku tu kwa wiki moja, kisha robo kwa wiki nyingine, ndipo nikaacha kabisa bila kutetemeka wala kukesha. Kufikia hapo sertralini ilikuwa imeshika.

Mama mkubwa, mwenye umri wa miaka 72, aliniomba nimgawie viwili vya kumletea usingizi. Nilimkatalia kwa heshima, kwa sababu wazee huchelewa kuitoa dawa hii mwilini na huanguka wakiamka usiku, nikampeleka kliniki kwa daktari yule yule.