Boktai ya Game Boy Advance: gemu inayotaka utoke nje ukaote jua

Ebwana niaje wanangu, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala konso mpya, nina hiki hapa, ngoja nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Hii ni katriji, yaani kadi ya gemu, ya Game Boy Advance, konso ya mkononi ya Nintendo, na ukiangalia huku juu utaona imetokeza kuliko katriji zingine, ukiichomeka kwenye konso hii sehemu inabaki nje, na kuna kadude kama kidirisha hapa. Hako kadirisha ndo sensa ya jua, yaani kifaa kinachopima mwanga. Jua hili hili la nje, linaloanika nguo zako.

Gemu inaitwa Boktai, ilitoka 2003, Konami ndo walioitoa na aliyekuwa nyuma ya wazo ni Hideo Kojima, yule yule wa magemu ya Metal Gear. Jina la Kijapani ni Bokura no Taiyō, maana yake jua letu. Nimekaa nayo wiki tatu hapa Dar na nawaambia ukweli, nimecheza magemu mengi ya kushika mkononi lakini hakuna iliyonifanya niangalie mawingu kama hii.

Iko hivi. Wewe ni Django, kijana mwindaji wa mavampaya, wale wafu wanyonya damu, ana skafu nyekundu na bunduki inaitwa Gun del Sol. Hiyo bunduki haina risasi, inapiga mwanga wa jua. Sasa mwanga unaupata wapi? Hapo ndo nilipoganda, unaupata nje, yaani nje kwako wewe unayecheza. Unabeba konso unatoka uani, sensa inalisoma jua, kipimo kwenye skrini kinapanda, halafu ndani ya magofu unayopita kuna matundu kwenye dari na mwanga unaanza kushuka humo kweli, Django anasimama chini ya tundu anainua bunduki juu inajaa chaji. Ukirudi chumbani matundu yote yanakuwa giza. Mara ya kwanza nilifanya hivyo kama mara tano mfululizo, natoka naingia, natoka naingia, nikiangalia tu ule mwanga unavyokuja na kuondoka.

Na ukimpiga vampaya mkubwa hafi. Anaingia kwenye jeneza, inabidi ulifunge mnyororo ulikokote mpaka nje ya gofu, na humo njiani anatikisika, anakuvuta nyuma, ukilitelekeza ukapigane na wengine unakuta limeanza kurudi lilikotoka. Ukifika nje kuna mitambo inayokusanya jua na kumchoma humo humo jenezani, na mitambo hiyo inategemea jua lako wewe.

Sasa sikilizeni hii. Jumamosi niko uani kwa mama mkubwa, yeye kaanika makopa yake ya mihogo kwenye mkeka, mimi nimekaa pembeni na konso, kaniuliza "na wewe hicho unaanika?" nikamwambia ndiyo mama, naanika. Nimeshamfikisha yule bosi wa kwanza, wanamwita Count, jeneza liko katikati ya mitambo, miale inamchoma, bado kidogo tu. Wingu likaja. Kubwa, jeusi, kutoka upande wa bahari. Kipimo kikaanza kushuka pau moja moja, miale ikafifia, Count akaanza kupata nguvu, na pembeni yangu mama mkubwa kashasimama anakusanya makopa haraka haraka ananiambia "nyanyua huo mkeka, mvua hiyo!" Nikaweka konso kwenye kigoda nikanyanyua mkeka. Sote wawili tulikuwa tunalihesabia jua lile lile, yeye kwa makopa yake na mimi kwa vampaya wangu, na sijawahi kupata hisia hiyo kwenye gemu nyingine yoyote, hata hizi kubwa za sasa hivi.

Hilo ndo nalotaka kulisema leo. Kifaa cha mkononi kinakwenda ulipo wewe, kwenye daladala, uani, kitandani, na magemu mengi ya mkononi yanakwenda nawe huko kote bila kujua uko wapi, unapewa gemu ya sebuleni iliyopunguzwa ikaenea mfukoni basi. PSP ya Sony ya 2004, konso ya mkononi nayo, ilikuja na nguvu nyingi na skrini nzuri kinoma, naipenda, nilikuwa nayo, lakini magemu yake mengi ungeweza kuyacheza kwenye tivii na usipoteze kitu. Boktai ukiipeleka kwenye tivii inakufa. Yaani huyu Kojima alijiuliza kitu gani hiki kifaa kinaweza ambacho konso ya sebuleni haiwezi, akajibu: kinaweza kutoka nje. Swali dogo, lakini kulijibu mpaka ukaweka sensa kwenye kila katriji, ukajenga hadithi nzima, maadui, bunduki, mpaka majeneza kuzunguka hiyo sensa, hiyo ni tamaa kubwa ya kazi, na gemu yenyewe ni kaskrini ka pikseli 240 kwa 160.

Halafu kuna kitu wengi hawakigusi. Game Boy Advance ya kwanza, ya 2001, haina taa kwenye skrini. Ukicheza chumbani jioni unasogelea balbu unaipindapinda mpaka uone, watu walilalamika sana. Sasa itoe nje kwenye jua, skrini inang'aa rangi zote zinatoka! Kwa hiyo gemu inakupeleka mahali pale pale ambapo kifaa kinaonekana vizuri zaidi, ule udhaifu wa kifaa ukawa ndo njia ya gemu. Huyo ni fundi anayekijua chombo chake.

Na huo ukoo wa mawazo ya namna hii una mzee wake, Gunpei Yokoi wa Nintendo, ndo baba wa Game Boy ya 1989. Falsafa yake ilikuwa chukua teknolojia ya zamani, ya bei rahisi, iliyozoeleka, uitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Game Boy haikuwa na rangi, skrini haikuwa na taa, lakini betri nne zilikaa masaa mengi, wakati mpinzani wake, Game Gear ya Sega, ilikuwa na rangi na taa ikala betri sita kwa masaa machache tu, na tunajua Game Boy ndo ilishinda. Sensa ya mwanga nayo sio kitu cha ajabu, taa za barabarani zinazojiwasha zenyewe jioni zinayo. Ukitaka ndugu zake wengine tafuta WarioWare: Twisted!, yenyewe unazungusha konso nzima, au Phantom Hourglass ya DS, konso ya Nintendo ya skrini mbili inayojikunja, kuna sehemu inabidi ufunge konso kama kitabu ili alama ya kwenye skrini ya juu igongwe kwenye ramani ya chini, nilihangaika dakika ishirini nikaifunga kwa kukata tamaa na ndo lilikuwa jibu lenyewe.

Haya, mabaya yake. Kukokota majeneza kunachosha, mara ya kwanza inasisimua ila ya tatu unaanza kuvuta pumzi. Kamera imekaa kiupandeupande na vitufe vya mshale vinataka uende kwa pembe, kidole gumba kinauma. Na anayetoka kazini saa moja usiku jua atalipata wapi? Wameweka benki ya jua humo ndani, unaweka mchana unatoa usiku, inasaidia lakini haitoshi, na nawahurumia jamaa zetu walioko Ulaya wakati wa baridi. Kwetu tatizo ni kinyume chake, ukikaa kwenye jua la utosi muda mrefu bunduki inapata moto inagoma mpaka ipoe, na hilo limewekwa makusudi ili usiikaange konso yako. Saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ndo muda mtamu, kivuli cha mwembe karibu, unatoka unajaza unarudi.

Kingine muwe makini na saa. Mwanzoni gemu inakuuliza saa ngapi, inatumia hiyo kujua usiku na mchana. Mtoto wa dada yangu ndo aliyeniwekea, ilikuwa saa sita mchana, akaandika sita. Basi jua liko utosini gemu inadhani ndo kwanza kunakucha, na kesho yake saa mbili asubuhi inaniambia usiku wa manane. Saa sita yenu ya mchana andikeni kumi na mbili.

Kwenye kununua, angalia katriji iwe imetokeza juu na kidirisha kipo. Mimi niliuziwa ya kwanza feki, plastiki ya kawaida haina sensa, nikaanika mchana kutwa kipimo hakijagusa hata pau moja. Ukicheza kwenye emuleta ya simu, yaani programu inayoigiza konso, jua unalipandisha kwa kubonyeza tu, hadithi utaiona yote lakini umeondoa roho ya gemu, naomba kama unaweza tafuta orijino. Boktai ya pili ya 2004 ina sensa pia na imenyooka zaidi, ya tatu iliishia Japani, halafu ile ya DS, Lunar Knights, wakaiuza bila sensa, na mimi hilo liliniuma.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue? Nunua, kama una uani au hata kibaraza.

Mimi nakomea hapa. Saa tisa na nusu sasa hivi, mawingu yamepita, na Count bado yumo jenezani ananisubiri. Natoka nje.