Kujipiga picha: uangalie lensi au ufiche sura, ipi inamgusa mtazamaji?
Hili swali haliishi. Kwa nguvu ya papo hapo, macho kwa macho inashinda bila ubishi. Mcheki Robert Cornelius, mmoja wa wapigapicha wa mwanzo Marekani, alijipiga Philadelphia mwaka 1839, nywele timtim, mikono kaikunja kifuani, na mpaka leo ukimwangalia unahisi kama umeingia chumbani kwake bila hodi. Ila aina hii haina huruma, ukijilazimisha kuhuzunika mdomo unakusaliti na mtazamaji anashtukia fasta.

Ya kuficha sura inachelewa kuingia ila ikiingia inakaa. Vivian Maier, mpigapicha wa mitaani wa Marekani, alipiga sana kivuli chake mwenyewe, na kwenye kile kivuli chenye kofia mtu anajiweka yeye, huzuni inakuwa yake sio ya mpigaji. Hatari yake ni kwamba ikikosa kitu cha kushika, labda mkono au bega lililolegea, inabaki pozi tupu.

Kiufundi hazipishani, taima na stendi basi. Unataka watu wakujue wewe? Angalia lensi. Kama unachobeba ni upweke ambao hata wao wanao, geuka. Mimi nageukaga, ingawa mama anasema hizo sio picha.